Syauswa wa Barabara ya Kabasha

Nyumba ya Syauswa ilisimama juu kidogo ya barabara, pale ambapo njia ya kutoka Butembo kwenda Beni inaanza kuteremka mlima wa Kabasha. Kutoka mlangoni mwake aliweza kuona kamyo ikiwa bado mbali, inapanda kwa gia ya kwanza, mkia wa moshi mweusi nyuma yake, na kabla haijafika alikuwa amekwisha kujua ni ya nani na imebeba nini. Alizaliwa pale. Baba yake, Maliro, alihamishiwa pale kwa nguvu, wakati wa Wabelgiji, walipokuja kuchukua wanaume kijiji kwa kijiji ili wachimbe barabara.

Maliro hakupenda kusimulia habari hizo, ila akiwa ameonja kasiksi, pombe ya ndizi, alisema kidogo. Alisema mlima ule ulikuwa jiwe tupu. Waliwasha moto juu ya mwamba tangu asubuhi, ukishapata joto walimwaga maji ya baridi, mwamba ukapasuka, kisha wakaupiga nyundo. Wake zao waliwaletea chakula kichwani kutoka mbali. Waliochelewa kazini walilazwa kifudifudi wakachapwa. Wengine waliteleza wakaenda na mawe mpaka chini bondeni, na hakuna aliyeshuka kuwafuata. Barabara ilipokwisha, mzungu alimwambia Maliro abaki kutunza kipande cha mlimani. Hivyo akawa kantonye: mtu mwenye jembe, sepetu waliyoiita beshi, na toroli, wa kuzibua mifereji na kujaza mashimo. Alipozeeka, Syauswa akaichukua ile beshi na ile kazi.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Kamyo za kahawa zilipita, za viazi na maharagi kutoka Lubero zikienda mpaka Kisangani, na zile za samaki wa Kyavinyonge, ambazo harufu yake ilibaki kwenye kona hata zenyewe zikiwa zimeshafika mbali. Madereva walimjua. Walimpigia honi, wakamtupia kipande cha sabuni, chumvi, wakati mwingine gazeti la zamani la kuvutia tumbaku. Mshahara wa serikali ulikuja, halafu ukachelewa, halafu ukaacha kuja kabisa. Mkubwa wa kazi alirudi kwao, na hakuna mwingine aliyetumwa. Syauswa aliendelea na kazi. Haikuwa ushujaa, alikuwa amezoea. Akiamka asubuhi akasikia mvua imenyesha, miguu yake ilienda yenyewe kwenye mifereji.

Mke wake alikufa mapema bila kumwachia mtoto. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, Mariette, mdogo wake, ambaye aliolewa na Nzanzu na kujenga hapohapo, ng'ambo ya barabara. Nzanzu alikuwa mkulima mwenye maneno machache, mpiga kinanda wa kanisani ambaye hakuwa na kinanda, kwa hiyo alipiga ngoma. Jioni Syauswa alikula kwao. Bénie, binti yao wa kwanza, ndiye aliyemletea maji ya kunawa.

Vita ilipokuja, ilikuja kwa barabara. Kwanza walipita watu wanaokimbia kutoka kusini, magodoro kichwani, mbuzi nyuma. Kisha walipita askari waliokuwa wanakimbia, wakapora kuku. Kisha walipita askari waliokuwa wanawafukuza wale, na watu wakasimama kandokando wakapiga makofi. Baada ya muda mfupi hawa nao wakagombana wao kwa wao, na tangu hapo hakuna aliyepigiwa makofi tena. Kutoka Butembo mpaka Beni zilisimamishwa bariere za mianzi na kamba, kila moja na askari wake wenye macho mekundu. Mama aliyetoka na kikapu cha maharagi alifika sokoni na nusu kikapu. Kamyo zikapungua. Majani yakaota katikati ya njia, na Syauswa akawa anayafyeka peke yake.

Siku moja ya mvua, baada ya saa za chakula, walikuja vijana wa msituni. Walikuwa wengi, wengine na bunduki, wengine na mikuki, wamejifunga majani vichwani. Mbele yao alikuwa Delphin, ambaye Syauswa alimfahamu tangu alipokuwa mtoto wa mafundisho ya ubatizo pale parokiani. Sasa walimwita kamanda.

"Wabukire, papa Syauswa," Delphin akamwamkia. "Tunatafuta weye."

"Wabukire. Muingie mu nyumba, mvua itawaua," Syauswa akasema kwa woga, akiwakaribisha ndani.

"Hapana, hatuna wakati. Askari ya Beni banakuya kesho na makamyo. Tunapashwa kukata njia. Njo weye unajua fasi yenye gari haiwezi kuzunguka. Utuonyeshe."

Syauswa alitazama chini. "Mutoto wangu, hii njia ni ya batu. Bamama banapitaka hapa. Bagonjwa banapitaka hapa."

"Lakini askari pia banapitaka hapa. Kule bonde walichoma manyumba, na batoto ndani. Ulisikia ama hapana?"

"Nilisikia."

"Donc, sasa?"

 Na kweli Syauswa alikuwa amesikia. Alikuwa ameona moshi. Aliingia ndani akatoa beshi. Aliwapeleka kwenye kona ambapo upande mmoja ni ukuta wa jiwe na upande mwingine ni bonde, palepale baba yake alipowasha moto juu ya mwamba. Walichimba mpaka giza likaanza kuingia, mvua ikiwapiga migongoni. Syauswa mwenyewe alichimba. Vijana walichimba ovyo, wakirusha udongo huku na huku. Yeye alikata kingo zikasimama wima, kwa sababu mikono yake haikujua kuchimba vingine. Alipotoka mle shimoni, mtu mzima angeweza kusimama ndani asionekane. Delphin alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, "Wasingya, papa," nao wakapotelea migombani. Hakuna mtu wa kijiji aliyewaona; mvua ilikuwa imefungia kila mtu ndani.

Asubuhi Nzanzu alivuka barabara akaja kwake.

"Shemeki, uniazime beshi. Maji iliingia mpaka mu nyumba ya kuku. Nataka kuchimba kamufereji."

Beshi ilikuwa imeegemea ukutani, udongo mwekundu wa mlima bado mbichi juu yake. Syauswa aliitazama. Angeweza kusema imevunjika. Angeweza kusema ngoja niioshe. Akasema, "Chukua tu." Nzanzu akaiweka begani akaondoka, akipiga mluzi. Baadaye, kwa miaka yote iliyofuata, Syauswa alijiuliza kama aliitoa kwa sababu shemeji yake aliihitaji, au kwa sababu hakutaka ikutwe kwake. Kila alipojiuliza, jibu lilikuwa tofauti.

Jua halijapanda vizuri, kamyo za askari zilifika shimoni zikasimama. Walipiga risasi juu, kisha wakapanda kijijini. Wanaume wote walitolewa majumbani wakaketishwa matopeni kando ya barabara, Syauswa akiwa katikati yao. Mkubwa wao, luteni kijana mwenye koti la mvua, alipita mbele yao akiuliza swali lilelile.

"Nani alikata njia?"

"Hatujue, chef," watu wakajibu. Na wengi wao hawakujua.

Ndipo askari wawili wakashuka na Nzanzu. Walimkuta nyuma ya nyumba, miguu matopeni, beshi mkononi. Luteni alichukua beshi, akakwangua udongo kwa kidole. Nyuma ya nyumba za Kabasha udongo ni mweusi. Kwenye mpini na juu ya bapa ulikuwepo ule mwekundu, wa chini kabisa ya barabara.

"Hii beshi ni ya nani?"

Nzanzu aliangalia udongo ule. Alikuwa mkulima, alielewa mara moja. Macho yake yalipita juu ya wanaume walioketi, yakamfikia Syauswa, yakasimama hapo kidogo, kisha yakarudi kwa luteni.

"Ni yangu," akasema.

Syauswa alifungua mdomo.  Askari mmoja alimpiga Nzanzu kwa kitako cha bunduki, akaanguka, na Syauswa akaufunga mdomo. Mariette alitoka nyumbani akipiga kelele, mtoto mgongoni. Walimfunga Nzanzu mikono kwa waya, wakamtupa juu ya kamyo. Wanaume wengine waliamrishwa kujaza shimo. Syauswa alipewa beshi yake mwenyewe. Alirudisha mchana huo udongo alioutoa jana, na kamyo zikapita juu yake mpaka mahali pa kugeuzia, zikarudi Beni na mfungwa wao.

Mariette alingoja. Kila aliyetoka Beni alimuuliza, na kila mmoja alisema neno lake: wamemwona jikoni kwa askari, wamemwona amefungwa kasho, hawajamwona. Mwishowe alivuka barabara akaja kwa kaka yake, ambaye tangu utoto alimwita Yaya.

"Yaya, weye njo mutu ya hii njia. Bote banakujua, mpaka ku bariere. Enda umutafute bwana wangu."

"Nitaenda," Syauswa akasema. Hakumwambia kitu kingine.

Aliondoka kwa miguu. Alikuwa hajafika Beni tangu vita ianze, na barabara aliyoijua kama kiganja cha mkono ilimshangaza. Mteremko wa Kabasha ulikuwa umeliwa na mvua, mawe ya baba yake yametokeza kama mifupa. Kantonye wa kipande kilichofuata alikuwa amekufa. Nyumba yake ilikuwa na magugu mpaka dirishani. Pale palipokuwa na soko la ndizi palikuwa na bariere. Daraja dogo la mbao lilikuwa limeng'olewa mbao zake, askari wamepikia, na watu wakavuka juu ya vyuma viwili. Kadiri alivyoshuka, baridi ya mlima ilimwacha, joto la Beni likampokea, michikichi ikaanza kuonekana, na nzi. Kwenye bariere alivua kofia akasema, "Miye ni mukantonye." Wengine walicheka wakamwacha apite. Mmoja alimwambia kwa Lingala avue viatu, naye akavivua, akaingia Beni peku.

Kwenye kasho ya askari walimfukuza. Mama mmoja aliyeuza bukari, ugali wa mihogo, mbele ya geti ndiye aliyemwonea huruma. Alimwambia mfungwa wa Kabasha alipelekwa Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, kufyeka majani ya kando ya uwanja. Syauswa akaendelea na njia kaskazini.

Pale Mavivi alikutana na Tshibangu. Alikuwa Mukasai, mtu wa Kasai, aliyeletwa na serikali ya zamani kuwa fundi wa uwanja, na serikali ilipoanguka alibaki, bila mshahara, bila nauli ya kurudi kwao. Aliishi katika kijumba cha mabati karibu na uwanja na kufuga bata. Syauswa alipotaja jina la Nzanzu, Tshibangu aliacha kuwatupia bata mahindi.

"Ile papa ya Kabasha? Yenye ilikuwa inapiga ngoma ku mutungi?"

"Njo yeye. Iko wapi?"

"Ikala kwanza, papa."

"Niambie nikiwa nasimama."

"Alikufa," Tshibangu akasema. "Homa, na tumbo. Na fimbo pia. Nilimuzika na mikono yangu, askari hawakutaka kujisumbua. Pole, papa."

Syauswa akakaa chini hapohapo, kwenye majani. Tshibangu aliketi karibu naye. Kisha Tshibangu, ambaye labda alikuwa ameibeba habari hiyo siku nyingi akitafuta wa kumpa, aliendelea.

"Balikuwa banamuuliza kila siku: taja mwenye alichimba. Yeye: ni miye. Nilimuambia, papa Nzanzu, miye naona weye hapana. Taja jina, urudi ku batoto. Akaniambia, bibi yangu iko na ndugu moja tu, hakuna mwingine. Baba alikufa, mama alikufa. Nikirudi kwake na damu ya ndugu yake, nitakula bukari yake namna gani?" Tshibangu akatikisa kichwa. "Unamujua huyo ndugu?"

"Ni miye," Syauswa akasema.

 Tshibangu alisimama, akampeleka kwenye kaburi: kifusi kidogo kando ya michikichi, na kijiti kimefungwa kwa kijiti kingine. Kisha akampa bukari na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na Syauswa akairudisha sahani ikiwa imejaa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga maneno. Angeweza kumwambia Mariette kuwa Nzanzu alikufa kwa homa. Huo haungekuwa uongo. Hakuna mtu aliyejua habari ya beshi isipokuwa Delphin, ambaye naye alikuwa amekwisha kupigwa risasi upande wa Lubero, vijana wake waliotawanyika, na Tshibangu, ambaye hangefika Kabasha. Alipopanda mlima miguu ilikuwa imepasuka, na uamuzi hakuwa nao bado. Mariette alikuwa anachambua maharagi mlangoni. Aliona uso wake, akaweka ungo chini.

Syauswa alimwambia yote. Alianza na Delphin na mvua, akamalizia na kijiti kilichofungwa kwa kijiti. Mariette alisikiliza bila kulia.

"Siku balimufunga," akauliza, "weye ulikuwa fasi gani?"

"Pale pale. Mu matope, pamoja na bengine."

"Karibu?"

"Karibu. Ningenyosha mukono ningemushika."

Mariette aliokota punje za maharagi zilizoanguka, moja moja, mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Umulete. Sitaki alale kule na ndege. Umulete mu hii hii njia. Kisha usiingie tena mulango wangu."

Haikuwa rahisi. Ilipita misimu miwili ya maharagi kabla mkubwa wa askari wa Mavivi hajakubali, na mbuzi wa mwisho wa Syauswa alibaki kwa mkubwa huyo. Walienda watu watatu: Syauswa, Vagheni ambaye ni mdogo wa Nzanzu, na Ananie, katekista wa Kabasha. Tshibangu alikuwa ametafuta mbao na kutengeneza sanduku. Hakutaka kupewa kitu, ila aliomba katekista amtaje mama yake katika sala, kwa sababu hakujua kama bado yu hai. Mjini Beni walipata dereva, Omer, aliyekuwa anapeleka mafuta ya mawese Butembo na aliyekubali kubeba maiti. Wenzake walimwambia atapata bahati mbaya. Akawajibu kwamba ameshaipata, anaendesha gari kwenye barabara hii.

Kwenye kila bariere askari walitaka sanduku lifunguliwe, wakidhani ni bunduki. Kwenye kila bariere Ananie alitangulia, akaonyesha rozari, akasema ni marehemu, ameoza, musifungue. Mara mbili walifungua hata hivyo. Vagheni aligeuza uso, lakini Syauswa hakugeuza. Aliona kitambaa, na aliona chini ya kitambaa.

Chini ya Kabasha mvua iliwakuta. Kamyo ilipanda nusu ya mlima, ikaanza kuteleza nyuma kuelekea bondeni, na Omer akapiga breki, akasema hawezi tena mpaka jua. Giza lilikuwa bado mbali, na Mariette alikuwa anangoja na watu wote wa kanisa. Wakalishusha sanduku. Syauswa alichukua upande wa mbele, Vagheni na Ananie nyuma, wakapanda. Pale kwenye kona, ambapo udongo uliorudishwa ulikuwa umeshakuwa bwawa la tope, Syauswa alizama mpaka magotini. Sanduku likainama. Vagheni alimwambia, "Papa, tuliweke chini, tupumuzike." Syauswa alikataa. Alivuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akipumua kwa sauti kama mnyama, mpaka wakatoka upande wa pili.

Walimzika Nzanzu nyuma ya nyumba yake, kwenye udongo mweusi. Ananie alisoma sala, na alipofika kwenye kusamehe wenye kutukosea, alisoma haraka. Watu wengi walikuwa wameshasikia. Hakuna aliyemtukana Syauswa. Walimpa nafasi tu, kila alipokaa watu wakasogea kidogo.

Alitii neno la dada yake. Hakuingia tena mlango ule. Msimu wa kulima alivuka barabara alfajiri, akalima shamba la Mariette, na aliposikia mlango unafunguka akaondoka. Mariette alijua nani anayelima. Hakumkataza, hakumshukuru. Bénie alipoolewa Butembo, Syauswa alisimama juu ya barabara akaangalia gari la maharusi likipita, watu wakiimba ndani.

Vita ya wakubwa ilipokwisha, watu wa miradi walikuja na mashine kubwa za manjano. Walitafuta watu wa kuajiri kwa kazi ya mifereji. Kijiji kizima kilimtaja Syauswa, na kijana wa mradi akapanda mpaka kwake akamkuta anamenya mihogo. Syauswa alimshukuru, akasema ameacha kazi hiyo. Tangu siku waliyomzika Nzanzu hakushika beshi barabarani, hata kijito kilipofurika mbele ya mlango wake. Mashine zilipita, zikatandaza kokoto, zikaenda zao, na mvua mbili tatu zilitosha kurudisha mashimo. Askari nao walirudi, kwa majina mengine.

Mariette aliugua kifua. Bénie alikuja kutoka Butembo kumwuguza, na siku moja akavuka barabara. "Muyomba," akamwambia, "mama anakuita."

Syauswa alisimama mlangoni, hakukanyaga ndani. Mariette alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na moto, amekonda. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya sanduku.

"Ingia, Yaya," akasema. "Baridi inaingia."

Aliingia, akakaa juu ya kigoda. Bénie aliweka kuni na kutoka. Nje kamyo ilipita, ikiteremka kuelekea Beni, na wote wawili wakasikiliza mpaka sauti yake ikapotea.

"Nzanzu alikuwa mutu muzuri," Mariette akasema.

"Muzuri sana."

"Alipiga ngoma mubaya."

"Mubaya kabisa," Syauswa akakubali, akasukuma kuni motoni.

 Alikaa pale mpaka dada yake akasinzia. Mariette alikufa kabla mahindi hayajakomaa, akazikwa karibu na mume wake, na Bénie akafunga nyumba akarudi Butembo na wadogo zake. Syauswa alibaki Kabasha, mzee, akiishi kwa mihogo na kwa kile ambacho madereva wachache waliomkumbuka bado walimtupia dirishani. Ng'ambo ya barabara nyumba ya Nzanzu iliota magugu. Kila msimu wa kulima alivuka, akalima shamba lile, akapanda maharagi, akavuna, akaweka kiroba kwenye kamyo yoyote iliyokubali, apelekewe Bénie. Mara nyingine kilifika.